“Ufalme wa mbinguni ni wao”: Heri Nane zinasema nini hasa?

Kila mwaka tarehe 1 Novemba, kwenye sikukuu ya Watakatifu Wote, Wakatoliki husomewa Injili ile ile: Mathayo sura ya 5, aya ya 1 hadi ya 12. Katika madhehebu mengine maneno hayo husomwa sana misibani, na watoto wa shule ya Jumapili huyakariri mapema. Heri walio maskini wa roho. Heri wenye huzuni. Heri wenye upole. Tumeyazoea kiasi kwamba hayatushtui tena, ingawa yanasema jambo zito: kwamba anayelia, asiye na kitu, anayeonewa, huyo ndiye wa kupongezwa.

Mazoea hayo yamezaa mafundisho yanayogongana. Yuko mhubiri anayemwambia maskini avumilie tu, kwa kuwa malipo yake yako mbinguni baada ya kufa. Yuko anayezigeuza Heri kuwa masharti manane: uwe mpole, uwe na rehema, uwe na moyo safi, na ukiyatimiza yote utaingia. Tena yuko anayeziruka kabisa, akakimbilia Kumbukumbu la Torati 28:13, “BWANA atakufanya kuwa kichwa, wala si mkia,” akawahakikishia waumini kwamba aliyebarikiwa hutambulika kwa gari na nyumba. Wote watatu wanataja heri na mbingu, lakini hakuna hata mmoja anayeanzia pale alipoanzia Yesu, yaani kwenye ufalme. Na ufalme usipoeleweka, Heri haziwezi kueleweka.

Ufalme ulitangazwa kwanza

Hotuba ya Mlimani, inayofunguliwa na Heri hizi, ina kinachoitangulia. Sura moja kabla yake, Yesu anapata habari kwamba Yohana Mbatizaji ametiwa gerezani. Anaondoka Nazareti, anahamia Kapernaumu kando ya ziwa, na kuanza kuhubiri kwa sentensi moja: “Tubuni, kwa maana ufalme wa mbinguni umekaribia” (Mathayo 4:17). Anazunguka Galilaya yote akifundisha na kuponya. Mathayo anawataja walioletwa kwake: wenye maradhi ya kila namna, wenye pepo, wenye kifafa, wenye kupooza. Nyuma yao yanakuja makutano kutoka Galilaya, Dekapoli, Yerusalemu, Uyahudi na ng’ambo ya Yordani. Ndipo inakuja aya ya kwanza ya sura ya 5: “Naye alipowaona makutano, alipanda mlimani.”

Aliwaona kwanza. Wengi wao walikuwa wakulima wadogo, wavuvi na vibarua, raia wa Herode Antipa, mtawala aliyekalia kiti kwa ridhaa ya Roma na aliyejenga mji wa Tiberia kando ya ziwa hilo hilo karibu mwaka 20 BK, akauita kwa jina la Kaisari Tiberio. Walijua ufalme ni nini, maana waliulipia kodi. Katikati yao walikuwamo watu waliokuwa wametoka kuponywa. Kwa hiyo Yesu aliposema ufalme wa mbinguni ni wao, hakuwa akiwapa nadharia. Alikuwa akikitaja kwa jina kile ambacho kilishaanza kuwatokea.

Maneno “ufalme wa mbinguni” ndiyo yanayotuchanganya zaidi. Tukiyasikia, akili inakwenda moja kwa moja kwenye mahali fulani ng’ambo ya mauti, nchi ya raha tunayoiimbia tukisindikiza jeneza. Kati ya waandishi wa Injili, Mathayo peke yake ndiye anayetumia maneno hayo, Marko na Luka wakisimulia matukio hayo hayo husema “ufalme wa Mungu.” Na Mathayo mwenyewe anatuonyesha kwamba ni kitu kimoja. Katika 19:23 Yesu anasema ni shida tajiri kuingia katika ufalme wa mbinguni. Aya inayofuata, ile ya ngamia na tundu la sindano, anasema tajiri huyo huyo ataingia kwa shida zaidi katika ufalme wa Mungu. Anayezungumziwa ni Mungu anayetawala. Mbinguni anatawala bila kupingwa. Ufalme wa mbinguni ni utawala huo ukifika huku ambako bado unapingwa.

Sikiliza sala tunayoisali kila siku. Wakatoliki husema, “Ufalme wako ufike, utakalo lifanyike duniani kama mbinguni.” Wasomaji wa Biblia ya Union husema, “Ufalme wako uje, mapenzi yako yatimizwe, hapa duniani kama huko mbinguni.” Katika sala zote mbili hakuna anayeomba kupelekwa mahali. Tunaomba kitu kije. Hata Ufunuo 21, ukurasa unaopendwa sana misibani, unauonyesha mji mtakatifu ukishuka kutoka mbinguni, na maskani ya Mungu yakiwa pamoja na wanadamu.

Simaanishi kwamba uzima baada ya kifo haumo katika Heri. Umo, aya ya 12 inasema wazi kwamba thawabu ni kubwa mbinguni, na Kanisa tangu mwanzo limeamini hivyo. Ninachosema ni kwamba mtu anayesubiri kufa ndipo ufalme uanze, anasubiri jambo ambalo Yesu alisema limeshafika mlangoni.

Sasa, na bado

Ukizisoma Heri polepole utaona jambo ambalo msomaji wa haraka hulipita. Ya kwanza inasema ufalme wa mbinguni “ni wao.” Ya nane, ile ya wanaoudhiwa kwa ajili ya haki, inasema tena kwamba ufalme wa mbinguni “ni wao.” Sita zilizo katikati zote zinatazama mbele: watafarijika, watairithi nchi, watashibishwa, watapata rehema, watamwona Mungu, wataitwa wana wa Mungu. Neno la “sasa hivi” limesimama mlangoni pande zote mbili, na ahadi za kesho zimewekwa ndani.

Mpangilio huo unabeba fundisho zima la ufalme, na wataalamu wa Biblia wamebishana juu yake kwa zaidi ya karne moja. Albert Schweitzer, ambaye baadaye alikwenda kuwa daktari Lambaréné nchini Gabon, aliandika mwaka 1906 kwamba Yesu alitazamia mwisho wa dunia uwe karibu kabisa, na mafundisho yake yalikuwa ya muda mfupi uliobaki. C. H. Dodd, mtaalamu mzaliwa wa Wales, alijibu mwaka 1935 kwa kuvuta upande wa pili: kwa Yesu, ufalme umeshafika. Kila mmoja alikuwa na aya zake. Dodd aliweza kuonyesha Mathayo 12:28, “Lakini mimi nikitoa pepo kwa Roho wa Mungu, basi ufalme wa Mungu umekwisha kuwajilia.” Schweitzer aliweza kuonyesha sala ya Baba Yetu, maana hakuna anayeomba kije kitu ambacho kimeshakuja chote.

Walimu wengi leo wanashika pande zote mbili kwa pamoja, na mimi naona ndiko Heri zenyewe zinakotupeleka. Kwetu jambo hili halipaswi kuwa gumu. Mahari ikishapokelewa, ukoo wa kijana na ukoo wa binti huanza kuitana wakwe, husaidiana kwenye misiba, na binti hatazamwi tena kama mtu asiye na mwenyewe. Harusi bado, lakini hakuna mzee atakayesema kwamba hakuna kilichotendeka. Ufalme nao uko hivyo: umeshaingia kwa namna inayobadilisha mahusiano ya watu, na utimilifu wake bado unangojewa.

Yesu mwenyewe aliufafanua kwa mbegu ya haradali na kwa chachu katika sura ya 13. Vyote viwili ni vidogo, vimefichika, na vinafanya kazi. Katika sura hiyo hiyo kuna mfano wa magugu yanayokua pamoja na ngano mpaka mavuno. Huo unajibu swali linalowasumbua waumini wengi: kama ufalme umeanza, mbona dhuluma haijakwisha? Imebaki kwa sababu wakati wa mavuno haujafika. Mwenye shamba anaijua, naye amekataza watumishi wake kuyang’oa magugu kwa pupa wasije wakaing’oa na ngano.

Je, ni masharti?

Turudi kwa yule anayezifanya Heri kuwa masharti ya kuingilia mbinguni. Hana mizizi mibaya. Gregori wa Nisa, askofu wa karne ya nne, alizihubiri Heri kama ngazi inayompandisha mtu kwa Mungu hatua kwa hatua. Agostino wa Hippo, Mwafrika wa kaskazini, naye alizipanga kama safari ya roho, akazihesabu saba zikilingana na vipawa saba vya Roho Mtakatifu, na ya nane akaiona inarudi kwenye ya kwanza. Wengine wamebaki na hesabu ya nane. Kanisa lililojengwa mwaka 1938 juu ya kilima karibu na Tabgha, kando ya Ziwa la Galilaya, lina pembe nane kwa ajili hiyo.

Lakini tazama jinsi sentensi zenyewe zilivyokaa. Hakuna amri hata moja hadi aya ya 12, na amri hiyo ya kwanza ni “Furahini.” Yesu hasemi “lieni ili mfarijiwe” wala “iweni maskini ili mpate ufalme.” Anawatangazia watu habari zao. Amri zitakuja, tena kali: kumpenda adui, kutoa shavu la pili, kusamehe. Ila zinakuja baada ya tangazo, kwa watu walioshaambiwa ni akina nani. Martin Luther, aliyehubiri juu ya sura hizi huko Wittenberg kati ya 1530 na 1532, alilishikilia hilo kwa nguvu: hakuna anayenunua neema kwa upole wake. Wakatoliki na Waprotestanti wamevutana sana juu ya malipo na matendo, lakini hapa wanaweza kukubaliana kwamba mfalme ndiye aliyetangulia kuja, na mwanadamu anaitikia.

Mtu akizisoma kama masharti, mambo ya ajabu hutokea. Mjane atajiona hana budi kulia zaidi. Mwenye kuonewa atajiuliza kama amedhulumiwa kiasi cha kutosha. Nimewasikia wazazi wakimwambia binti anayepigwa na mumewe avumilie kwa kuwa “heri wenye upole.” Hayo si mafundisho ya Yesu, na yeyote anayeyatoa kwa jina lake anapaswa kukemewa.

Maskini wa roho, na maskini

Heri ya kwanza ndiyo ufunguo, na ndiyo yenye ugomvi mkubwa. Mathayo anaandika “maskini wa roho.” Luka, katika 6:20, hana “wa roho”: “Heri ninyi mlio maskini, kwa sababu ufalme wa Mungu ni wenu.” Tena Luka anaongeza upande wa pili ambao Mathayo hakuuweka hapa: “Lakini, ole wenu ninyi mlio na mali, kwa kuwa faraja yenu mmekwisha kuipata.” Mathayo ana ole zake pia, lakini anazihifadhi hadi sura ya 23, zinapowaangukia waandishi na Mafarisayo.

Wenye mali hupenda Mathayo, kwa kuwa “wa roho” linaonekana kuwaachia mlango. Watetezi wa wanyonge hupenda Luka. Nadhani tunapoteza kitu tukimchagua mmoja dhidi ya mwenzake. Nyuma ya wote wawili yuko Isaya 61, ambako mtumwa wa Bwana anatiwa mafuta ili awahubiri wanyenyekevu habari njema, awagange waliovunjika moyo, awafariji wote waliao. Ndiyo aya aliyoisoma Yesu katika sinagogi la Nazareti, kwa mujibu wa Luka 4. Katika Zaburi na manabii, maskini ni mtu asiye na kitu mkononi na asiye na mtetezi mahakamani, na kwa hiyo kilio chake chote kiko kwa Mungu. Umaskini wa mfuko na umaskini wa roho hukutana ndani ya mtu huyo mmoja. Mathayo anatilia mkazo moyo wake, Luka hali yake.

Basi, je, umaskini ni mzuri? Hapana. Gustavo Gutiérrez, padre wa Peru, alilieleza hili vizuri: maskini wana heri kwa sababu ya jinsi Mungu alivyo, wala si kwa sababu wao ni wema kuliko watu wengine. Mfalme wa haki akiingia mjini, habari hiyo ni njema kwanza kwa aliyedhulumiwa. Njaa yake haina utakatifu wowote. Heri yake ni kwamba aliyekuja amekuja kuiondoa. Ndiyo maana Luka anaendelea: wenye njaa sasa watashiba. Kama njaa ingekuwa baraka, ahadi ya kushiba ingekuwa adhabu.

Mwalimu Julius Nyerere, Mkatoliki aliyeshika imani yake kwa dhati, aliligusa jambo hilo hilo mwaka 1970 alipozungumza na masista wa Maryknoll huko New York. Aliwaambia kwamba tunasema binadamu ameumbwa kwa mfano wa Mungu, naye akakataa kumfikiria Mungu aliye maskini, mjinga, mwoga, aliyeonewa na kudhalilishwa, ilhali hiyo ndiyo hali ya wengi wa walioumbwa kwa mfano wake. Akalitaka Kanisa lishiriki kupambana na miundo inayowaweka watu katika hali hiyo. Mtu aliyeielewa heri ya kwanza hawezi kusoma hotuba ile akaiona ni siasa tu.

Na wale wa “kichwa wala si mkia”? Andiko lao ni la kweli, lakini wamelikata. Kumbukumbu la Torati 28 linazungumza na taifa zima lililoamriwa kuishika sheria, na katika sheria hiyo hiyo, sura ya 24, mwenye shamba anakatazwa kurudi kuchukua mganda aliousahau, kwa kuwa ni wa mgeni, yatima na mjane. Sura ya 15 inaamuru mkono ufumbuliwe kwa ndugu mhitaji. Baraka pale ilikuwa na njia ya kupita: inakufikia wewe ili imfikie na mwenzako. Ikiishia kwenye sadaka ya “mbegu” anayotozwa mama wa mboga mboga ili nabii aongeze magari, baraka hiyo imegeuzwa kuwa mtego. Hata Mathayo 6:33 hunukuliwa kwa kukatwa. Tunasikia “hayo yote mtazidishiwa” mara mia, na “utafuteni kwanza ufalme wake, na haki yake” husemwa kwa haraka kama utangulizi. “Hayo yote” katika sura ile ni chakula, maji na nguo.

Wanaolia, na wanaonyang’anywa nchi

“Heri wenye huzuni, maana hao watafarijika.” Kwenye misiba yetu tunamwambia mfiwa asilie, kazi ya Mungu haina makosa, Mungu amempenda zaidi. Tunasema kwa nia njema. Yesu hakumnyamazisha mtu. Aliulilia mji wa Yerusalemu, akalia kwenye kaburi la Lazaro. Huzuni anayoisema ni ya mfiwa, na pia ya mtu anayeitazama dunia ilivyoharibika akakataa kuizoea. Luka 2:25 inamtaja mzee Simeoni, aliyekuwa akiingojea “faraja ya Israeli”. Huyo ni mtu wa heri ya pili. Alisubiri hadi uzeeni akiwa bado anaamini.

Heri ya tatu imeteswa kuliko zote. “Heri wenye upole, maana hao watairithi nchi.” Maneno haya yanatoka Zaburi 37:11, na zaburi hiyo inafaa isomwe yote. Inarudia tena na tena swali la nani atairithi nchi, na inaeleza kwa nini swali lipo: wasio haki wamefuta upanga na kupinda uta ili wamwangushe maskini na mhitaji. Ni zaburi ya watu wanaonyang’anywa ardhi. Kila msikilizaji wa Kiyahudi alimjua Nabothi katika 1 Wafalme 21, aliyeuawa kwa mashahidi wa uongo ili mfalme Ahabu apate shamba lake la mizabibu. Na kila msomaji wa Kiswahili anamjua mjane aliyeondolewa shambani mara tu baada ya arobaini ya mumewe, au kijiji kilichoamka kikakuta mipaka imehamishwa.

Upole wa zaburi hiyo ni wa mtu anayeonewa akakataa kushika silaha ya mwonevu, akiwa na hakika kwamba nchi ni ya Mungu na hati ya mwisho anaitoa yeye. Ni tofauti kabisa na woga. Hesabu 12:3 inasema Musa alikuwa mpole kuliko wanadamu wote juu ya uso wa nchi, na huyu ndiye aliyesimama mbele ya Farao mara nyingi akidai watu wake waachwe waende. Yesu alijiita mpole na mnyenyekevu wa moyo, kisha akazipindua meza za wabadilisha fedha hekaluni. Kwa hiyo mwanamke anayekwenda baraza la ardhi kudai shamba la watoto wake hajavunja heri ya tatu. Anaiishi.

Ile ya njaa na kiu ya haki inatoka kwenye kisima hicho hicho, na inaeleweka zaidi na mtu aliyewahi kukosa maji kuliko na mtu wa vitabuni.

Rehema, moyo, amani

Sasa hotuba inageuka kidogo kutazama watu wa ufalme wanavyoishi. Rehema imeelezwa na Yesu mwenyewe katika Mathayo 18, kwa mtumwa aliyesamehewa talanta elfu kumi, akatoka na kumkaba koo mwenzake kwa dinari mia. Talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000, na dinari ilikuwa ujira wa kibarua wa siku. Deni lililofutwa ni dinari 60,000,000. Lililodaiwa ni 100. Hapo ndipo unaona kwamba “watapata rehema” si biashara ya nipe nikupe. Mfalme alitangulia kusamehe. Anayekataa kuipitisha rehema anaonyesha kwamba hakuipokea.

Moyo safi unatoka Zaburi 24, inayouliza nani atakayepanda mlima wa Bwana na kujibu: mtu aliye na mikono safi na moyo mweupe. Mahujaji waliokwenda hekaluni waliijua. Yesu anaahidi zaidi ya kufika hekaluni, kwamba watamwona Mungu.

“Heri wapatanishi, maana hao wataitwa wana wa Mungu.” Wasikilizaji walikuwa na dinari mifukoni, na dinari ya Tiberio iliandikwa kwamba Kaisari ni mwana wa Augusto aliyefanywa mungu. Roma ilijisifu kwa kuleta amani, na amani yake ililetwa na majeshi na misalaba. Yesu alichukua cheo kilichochapwa kwenye sarafu ya mfalme mwenye upanga, akawapa watu wanaokaa katikati ya wagomvi wakizisikiliza pande zote mbili. Sidhani kama kulikuwa na aliyekuwapo pale ambaye hakuelewa.

Wanaoudhiwa

Ndipo inakuja ya nane, na pamoja nayo “ni wao” ya pili. Kwa nini ufalme wenye habari njema hivi uwaletee watu mateso? Kwa sababu kuna wanaofaidika na mambo yalivyo. Tangazo kwamba nchi ni ya wapole linamgusa mwenye kuinyang’anya.

Ukanda wetu una watu walioliishi hili. Kati ya 1885 na 1887, wakati wa Kabaka Mwanga wa Buganda, vijana wa Kikatoliki na wa Kianglikana waliuawa kwa sababu ya imani yao, wengi wakichomwa moto pamoja huko Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Papa Paulo VI aliwatangaza watakatifu wale 22 wa Kikatoliki mwaka 1964, na akawakumbuka pia Waanglikana waliokufa nao. Mwaka huo huo wa 1964, tarehe 1 Desemba, sista kijana wa Kongo, Anuarite Nengapeta, aliuawa huko Isiro wakati wa uasi wa wapiganaji walioitwa Simba, alipomkataa ofisa aliyemtaka kwa nguvu. Imehifadhiwa kumbukumbu kwamba alimsamehe muuaji wake kabla hajakata roho. Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri mjini Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985. Anuarite hakuyatafuta mateso. Alikataa kutii amri ya mwenye bunduki kwa kuwa alishakuwa chini ya mfalme mwingine. Na hakuna haja ya kufika Isiro ili kuelewa: karani anayekataa kugushi hati ya kiwanja akahamishwa kituo anaijua heri ya nane kwa kipimo chake.

Baada ya hapo Yesu anabadilisha namna ya kusema. Heri nane zote zilikuwa za “hao.” Aya ya 11 inasema, “Heri ninyi.” Aliyekuwa akisikiliza habari za watu wengine anajikuta ametajwa, na mara moja anaambiwa kwamba ni chumvi ya dunia na nuru ya ulimwengu.

Mathayo aliyapanga mafundisho ya Yesu katika hotuba kubwa tano. Ya kwanza inaanza na Heri hizi. Ya tano inaishia sura ya 25, ambako mfalme ameketi katika kiti cha utukufu na kuwaambia walio mkono wake wa kuume, “Njoni, mliobarikiwa na Baba yangu, urithini ufalme mliowekewa tayari tangu kuumbwa ulimwengu.” Sababu anazozitaja ni chakula kwa mwenye njaa, maji kwa mwenye kiu, nguo, makao kwa mgeni, kumtembelea mgonjwa na mfungwa. Ni watu wale wale waliokuwa mbele yake mlimani. Na wanaoambiwa hivyo wanashangaa, wanauliza ni lini walimwona yeye akiwa na njaa wakamlisha, maana wakati wakigawa kile chakula walidhani wanamlisha jirani tu.